Bandari ya Juba: Kwa nini jasho la kazi si sawa na jasho la mchezo

Ushauri wa afya unaotolewa katika miji mingi duniani ni mwepesi kuueleza: watu waache kukaa, waushughulishe mwili. Katika Bandari ya Juba, kwenye mji mkuu wa Sudan Kusini, ushauri huo unamkuta mtu ambaye tangu alfajiri ana gunia begani. Suala linalojitokeza hapo si kama watu wanajishughulisha vya kutosha. Suala ni shughuli zipi wanazozichagua wenyewe, zipi wanalazimika kuzifanya ili wale, na jinsi tofauti hiyo inavyogusa afya ya mwili na ya akili.

Wataalamu wa afya ya jamii wamekuwa wakiichunguza tofauti hiyo kwa miaka kadhaa, na matokeo yao yana uzito kwa Juba kama yalivyo na uzito kwa maelfu ya wahamiaji kutoka Afrika Mashariki wanaofanya kazi za mikono ughaibuni.

Mahali mizigo inapobadilisha chombo

Juba imekaa ukingoni mwa Nile Nyeupe, ambayo katika eneo hilo huitwa Bahr el Jebel. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazouzwa mjini hutoka bandari ya Mombasa, hupita Uganda na kuingia nchini kwa mpaka wa Nimule. Barabara ya lami kutoka Nimule hadi Juba, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012. Bidhaa zinazoendelea kaskazini kuelekea Bor na Malakal huteremshwa kutoka kwenye malori na kupakiwa kwenye mashua na matishari. Kazi hiyo ya kuhamisha mizigo kati ya lori na chombo cha majini hufanywa kwa kiasi kikubwa kwa mabega ya watu.

Lugha kuu ya mawasiliano ni Kiarabu cha Juba, lakini Kiswahili nacho kinasikika. Kinazungumzwa na madereva na wafanyabiashara kutoka Kenya, Uganda na Kongo, na pia na raia wa Sudan Kusini waliokulia ukimbizini, wakiwemo waliopitia kambi ya Kakuma iliyofunguliwa kaskazini mwa Kenya mwaka 1992. Kujiunga kwa Sudan Kusini na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 kumeiongezea lugha hiyo nafasi. Wengi wa waliopitia Kakuma sasa wanaishi Melbourne, Adelaide, Perth na miji mingine ya mbali, na bado wana jamaa wanaotegemea mto huo.

Mwili unaochoka bila kujengeka

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, uliotolewa mwaka 2020 unawataka watu wazima wafanye shughuli za mwili za kiwango cha kati kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Hesabu hiyo inajumuisha kazi, usafiri, shughuli za nyumbani na burudani. Kwa kipimo hicho, mchukuzi wa bandarini anaweza kutimiza sharti la wiki nzima katika siku moja.

Kwa upande mwingine, utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la The Lancet Global Health ulikadiria kwamba asilimia 31 ya watu wazima duniani, takriban bilioni 1.8, hawakufikia kiwango hicho mwaka 2022. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 26. Kwa takwimu za aina hiyo mtu angeweza kudhani kwamba mchukuzi wa Juba ana afya kuliko karani wa Tokyo au London.

Utafiti mwingine unatia shaka dhana hiyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la tiba ya michezo la Uingereza, uliokusanya taarifa za watu zaidi ya 193,000, uligundua kwamba wanaume wanaofanya kazi nzito za mwili walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wanaume wenye kazi nyepesi. Shughuli zinazofanywa wakati wa mapumziko, kinyume chake, zimekuwa zikihusishwa na maisha marefu.

Wanaoutetea ufafanuzi huu wanasema sababu iko katika namna mwili unavyotumika. Mchezo hudumu muda mfupi, huupandisha moyo kasi, kisha hufuatwa na pumziko. Kazi ya kubeba huushikilia moyo na shinikizo la damu juu kwa saa nyingi, kwa misuli ileile, bila nafasi ya kupona. Aidha, anayecheza anaweza kuacha anapochoka, ilhali anayelipwa kwa gunia hawezi.

Wapo watafiti wanaopinga hitimisho hilo. Uchunguzi uliofanywa Norway ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo hupungua pale elimu, kipato na uvutaji wa sigara vinapozingatiwa. Tafiti nyingi kati ya hizo pia zimefanywa katika nchi tajiri. Hata hivyo, kwa mtu wa bandarini pande zote mbili za mjadala zinaelekea mahali pamoja. Iwe kinachomdhuru ni mzigo wenyewe au ni umaskini unaofuatana nao, harakati zake za kutwa hazimpatii faida ambayo mwongozo wa afya unaahidi.

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipendekeza kwamba mzigo unaobebwa na mwanamume mzima kwa mikono usizidi kilo 55. Gunia la mahindi lililozoeleka nchini Kenya lina kilo 90.

Joto linaloamua saa ya kucheza

Hali ya hewa ni kigezo kingine. Machi 2024 serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote kwa sababu ya wimbi la joto lililotarajiwa kufikia nyuzi 45 za Selsiasi. Februari 2025 shule zilifungwa tena kwa wiki mbili baada ya wanafunzi mjini Juba kuzirai kwa joto. Ikiwa mtoto aliyeketi darasani anazimia, ni rahisi kufahamu hali ya anayepanda ubao wa tishari akiwa na mzigo begani saa saba mchana.

Joto hilo pia linaeleza jambo ambalo wageni mara nyingi hulitafsiri vibaya. Watu wanaoketi chini ya mti wakati wa adhuhuri huonekana wavivu, ilhali wanafanya kile ambacho daktari angewashauri. Burudani za mwili husogezwa alfajiri na jioni. Lakini jioni nayo ina mipaka yake: giza huingia mapema kama kwingineko karibu na ikweta, taa za barabarani ni chache, na kumbukumbu za mapigano ya Desemba 2013 na Julai 2016 zimewafundisha wakazi kurudi nyumbani mapema. Kwa hiyo muda halisi wa kucheza ni kipande kifupi kati ya jua kali na usiku usioaminika.

Kikombe cha chai na afya ya akili

Ukiuliza ni shughuli ipi inayopendwa zaidi na wanaume wa Juba baada ya kazi, viti vya plastiki vinavyowazunguka akina mama wauza chai vitatoa sehemu kubwa ya jibu. Watu huketi, hunywa chai yenye sukari nyingi, hucheza karata au dhumna, na hupashana habari za barabara, za mto na za siasa. Kampeni nyingi za afya zingeuorodhesha mkao huo miongoni mwa mazoea mabaya.

Hesabu hubadilika afya ya akili inapowekwa mezani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowahoji watu wazima 1,242 mjini Juba, uligundua kwamba asilimia 36 walikuwa na dalili za kiwewe kinachotokana na matukio ya kutisha, na nusu ya wote waliohojiwa walikuwa na dalili za sonona. Hiyo ilikuwa kabla ya uhuru wa mwaka 2011, na kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata. Tangu Aprili 2023, zaidi ya watu milioni moja wamevuka mpaka kutoka Sudan inayowaka moto, wengi wao wakipitia Renk na kuendelea na safari kwa matishari ya mtoni.

Katika mji wenye majeraha ya namna hiyo, mahali ambapo mtu anasikilizwa bila kulipia zaidi ya bei ya kikombe si jambo dogo. Ripoti ya WHO ya Juni 2025 kuhusu mahusiano ya kijamii ilikadiria kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka duniani. Wakazi wa pwani ya Waswahili wangeitambua mara moja kazi ya viti hivyo: ni kazi ileile ya baraza la Zanzibar au Lamu, ambapo mchezo wa bao huendelea huku matatizo ya mtaa yakitatuliwa.

Upande wa pili haupaswi kufichwa. Sukari, sigara na pombe hufuatana na mikusanyiko hiyo. Kadhalika, starehe ya mmoja ni kazi ya mwingine. Mama anayechemsha chai huinama juu ya moshi wa mkaa tangu asubuhi, na wateja wanapopumzika yeye ndipo anapoongeza kasi.

Mchezo unaovuka ukabila

Miongoni mwa michezo ya mwili, mieleka ina mizizi mirefu. Kwa Wamundari wa Terekeka na Wadinka wa Bor, mashindano hayo yalikuwa sehemu ya maisha ya wafugaji na ya majira baada ya mavuno. Mjini Juba yamefanyika mara kadhaa kwa lengo la kuwaleta pamoja vijana wa jamii ambazo zimewahi kugombana kwa sababu ya ng'ombe. Tangu Januari 2016 Juba pia imekuwa mwenyeji wa mashindano ya Siku ya Umoja wa Kitaifa, ambayo serikali huyaandaa kwa msaada wa Japani na kuwakutanisha vijana kutoka sehemu mbalimbali za nchi.

Mpira wa kikapu, hata hivyo, ndio uliobadilisha kabisa ndoto za vijana. Chini ya uongozi wa Luol Deng, aliyewahi kucheza ligi ya NBA, timu ya wanaume ilifuzu Kombe la Dunia la mwaka 2023 na michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 2024. Julai 2024 iliilazimisha Marekani kushinda kwa tofauti ya pointi moja, 101 kwa 100, katika mechi ya kirafiki mjini London, kisha ikaifunga Puerto Rico 90 kwa 79 kwenye mashindano yenyewe. Wachezaji waliolelewa Australia, akiwemo Bul Kuol na Majok Deng, walikuwa sehemu ya kikosi hicho. Wakati huo nchi wanayoiwakilisha haikuwa na uwanja wa ndani wa mchezo huo, na vijana wa Juba walikuwa wakifanya mazoezi kwenye viwanja vya wazi kama kile cha Nimra Talata.

Mafanikio hayo yameongeza ari, lakini yana mtego wake. Mchezo ukigeuzwa kuwa tiketi ya kuondokea, kijana asiye mrefu au asiye na kipaji cha kutosha huuona kuwa umemkataa. Anabaki mtazamaji akiwa na miaka kumi na sita. Kwa afya ya umma, kijana huyo ndiye muhimu zaidi, kwa kuwa wanaofanana naye ni wengi kuliko wanaochaguliwa.

Ushahidi wa kitabibu unaunga mkono hoja ya kumrudisha uwanjani. Uchambuzi ulioongozwa na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na kuchapishwa na jarida la BMJ mwaka 2024, ulikusanya majaribio 218 yenye washiriki 14,170. Ulionyesha kwamba kutembea, kukimbia, yoga na mazoezi ya nguvu hupunguza dalili za sonona kwa kiwango kinachoonekana. Jambo jingine lililojitokeza ni kwamba watu hawakuyaacha mazoezi yote kwa kiwango sawa, na kwamba yoga na mazoezi ya nguvu ndiyo yaliyovumiliwa vyema zaidi. Funzo lake ni dhahiri: zoezi lenye manufaa makubwa kwenye karatasi halimsaidii mtu aliyelikimbia baada ya wiki mbili. Upendeleo wa mtu ni sehemu ya tiba.

Mto kama uwanja wa watoto

Kwa watoto wa bandarini, uwanja ulio karibu zaidi ni mto. Huogelea, hukimbizana ukingoni, na huoga hapohapo ambapo nguo na pikipiki za bodaboda zinaoshwa na magari ya kuuza maji yanajaza matangi. Hakuna kiingilio na hakuna mwalimu. Ni mchezo wenye kila sifa ya kiafya isipokuwa usalama.

Ripoti ya kwanza ya WHO kuhusu kuzuia watu kuzama, iliyotolewa Desemba 2024, ilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu nusu yao walikuwa chini ya umri wa miaka 30. Kwa upande wa maradhi, mlipuko wa kipindupindu uliotangazwa Renk mwishoni mwa Oktoba 2024 ulienea katika majimbo mengi ya Sudan Kusini, na njia za mto ni miongoni mwa njia za watu wanaohama.

Kuwakataza watoto maji katika mji wenye nyuzi 40 ni amri isiyotekelezeka. Njia ambazo WHO inazipendekeza ni nyepesi kuliko marufuku: kuwafundisha watoto wa shule kuogelea kwa usalama, kuweka vizuizi sehemu zenye hatari, na kuwafunza watu wa karibu namna ya kumwokoa anayezama. Mabaharia na wavuvi wa Juba, wanaoujua mto kuliko mtu yeyote, wangeweza kuwa walimu wa kwanza.

Saa ambazo wanawake hawana

Mjadala wa shughuli zinazopendwa huwa na dhana iliyofichika, kwamba kila mtu ana muda wa kuchagua. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2023 ilieleza kwamba katika kaya zisizo na maji nyumbani, wanawake na wasichana ndio wanaobeba jukumu la kuyateka katika kaya 7 kati ya 10. Baada ya maji huja kuni, jiko, watoto na biashara ndogo ya bandarini. Mwanamke huyo hutembea na kubeba siku nzima, na jioni hana saa ya kuiita yake.

Pale saa hiyo inapopatikana, mara nyingi hutumika kanisani kwenye kwaya, katika ngoma za harusi, au kwenye vikundi vya kuweka akiba. Shughuli hizo hazihesabiwi kuwa mazoezi, ingawa kwaya na ngoma hutumia mapafu, miguu na kumbukumbu, na humweka mtu miongoni mwa watu. Wakati huohuo milango mipya inafunguka. Timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya Sudan Kusini ilishiriki mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2025 mjini Abidjan na kurudi na medali ya shaba. Swali ni kama msichana wa bandarini ataruhusiwa, na kuwa salama, kufika uwanjani baada ya saa kumi na moja jioni.

Uamuzi ulio mbele

Bandari ya Juba haitabaki kama ilivyo. Daraja la Uhuru, lililojengwa kwa msaada wa Japani na kufunguliwa Mei 2022, limekwisha onyesha kwamba miundombinu mikubwa inaweza kukamilika hata baada ya vita kuikatiza. Siku uwekezaji utakapoifikia gati, mambo mawili yatagongana. Mashine za kupakia zitaokoa migongo, lakini pia zitaondoa ujira wa siku wa watu wasio na kazi nyingine. Uzio utaleta usalama wa mizigo, lakini utawafungia watoto ufuo pekee wanaouchezea.

Hatua za awali hazihitaji kusubiri mashine. Magunia yanaweza kufungashwa kwa uzito mdogo. Kivuli na maji safi ya kunywa vinaweza kuwekwa mahali wachukuzi wanapongojea. Zamu zinaweza kusogezwa mbali na saa za jua kali. Kipande cha ardhi kinaweza kutengwa kabla bei ya viwanja haijakimeza. Na kabla ya kampeni yoyote ya afya, wahusika wanaweza kuanza na swali ambalo wakazi huulizwa mara chache: mngependa kufanya nini, saa ngapi, na pamoja na nani?

Swali hilo linavuka mto. Wahamiaji wengi wanaozungumza Kiswahili huko Australia na Ulaya wameajiriwa katika machinjio, maghala na nyumba za kutunzia wazee, wakisimama, wakiinua na kusukuma kwa zamu za usiku. Daktari anayewaambia wajiunge na ukumbi wa mazoezi anarudia kosa la ushauri unaotolewa bandarini. Huenda wanachokosa ni saa mbili za mpira na marafiki siku ya Jumamosi, kwaya ya jioni, au usingizi wa kutosha.

Serikali ya Sudan Kusini na washirika wake wana orodha ndefu ya mambo ya dharura, kuanzia njaa hadi usalama, na uwanja wa michezo hauwezi kutangulia chakula. Lakini watu wanaoibeba nchi hiyo mabegani tayari wanatumia nguvu zao zote kwa ajili ya wengine. Sera ya afya itakayowafaa ni ile itakayowarudishia sehemu ya nguvu hizo, na kuwaachia wao uamuzi wa namna ya kuzitumia.